Barua ya Bwana Miwani

Mvua za mwaka 1936 ziliinyeshea nchi ya Wasukuma kana kwamba zilikuwa na kisasi nayo. Mtama ulioza mashambani, njia zikageuka tope, na katika mgodi mmoja wa dhahabu upande wa Segese, maji yalitiririka kwenye kuta za mashimo kama jasho la mgonjwa. Wachimbaji thelathini, wote watu wa Didia, walikuwa wameketi juu ya kifusi siku ya tano, mikono kifuani. Walikataa kushuka. Walisema nguzo zinazoshikilia kuta za shimo zimeoza, zibadilishwe kwanza. Hawakuomba nyama wala sukari, waliomba magogo. Lakini mbele ya Mzungu wa siku zile, mtu mweusi aliyeomba gogo la kuokoa roho yake alihesabiwa mwasi.

Siku hiyo ya tano nyapara wao, Maduhu, aliitwa mbele ya meza ya meneja. Alisimama visigino vimegusana, kidevu juu, kama alivyofundishwa jeshini. Meneja, ambaye watu walimwita Bwana Miwani, hakumtazama.

"Wewe nataka rudi Keya?" aliuliza kwa Kiswahili chake kilichovunjika mbavu.

Moyo wa Maduhu uliruka kama panzi. "Ndiyo, bwana!"

"Kapteni anakuja Shinyanga wiki ijayo, anaandika askari. Mimi najua yeye. Wewe shusha hawa watu, mimi nakupa barua."

Ili msomaji aelewe kwa nini Maduhu alijibu upesi hivyo, sharti ajue alikotoka. Miaka minne nyuma Maduhu alikuwa kopro wa Keya, jeshi la Mwingereza. Kikosi chake kilipiga kambi ya muda karibu na Didia, kijijini kwao, naye akapewa zamu ya kulinda hema la risasi. Saa nne asubuhi mwano ukalia. Mwano ni yowe la Wasukuma la kutangaza kwamba ng'ombe wameibwa. Mwanamume akiusikia hulitupa hata tonge lililo mkononi akakimbia, na anayebaki ameketi hana jirani tena, wala hana mzishi. Damu ya Maduhu haikuuliza ruhusa kwa Mwingereza. Alitimua mbio na bunduki yake, akawa wa kwanza kuwafikia wezi, na jioni ng'ombe sitini wa Didia walirudi mazizini. Naye akarudi kambini akipiga mluzi, akidhani atasifiwa!

Alichapwa viboko ishirini na vinne mbele ya gwaride. Tepe za ukopro zilikatwa mkononi mwake kwa kisu, akafukuzwa kwa utovu wa nidhamu. Cheti chake kilipigwa mstari mwekundu, na kila mwajiri aliyeuona mstari ule alimkunjia uso kama aliyeonyeshwa kidonda. Tangu hapo Maduhu alikuwa na kiu moja tu maishani: kurudi Keya, avae tena tepe zake, mstari ule ufutike. Kiu hiyo ilimpofusha macho.

Alipomweleza mkewe, Limi, mama huyo aliacha kupepeta.

"Baba Nkwabi, barua utapewa lini? Kabla hawajashuka au baada?"

"Baada."

"Basi mwambie abadilishe nguzo kwanza. Mbona wewe ulipe leo, yeye alipe kesho?"

"Mama Nkwabi, wewe hujui mambo ya jeshi. Amri haijadiliwi."

"Jeshi gani? Jeshi lilikutupa kama ganda la karanga, nawe bado unalipigia saluti." Akaendelea kupepeta, na makapi yakamrukia mumewe usoni.

Asubuhi Maduhu aliwaendea wachimbaji. Masele, rafiki yake tangu walipochunga pamoja, mtu wa mzaha usiokauka, alimwona kwa mbali akamsalimu Kisukuma kwa sauti kubwa: "Wangaluka, kopro! Mguu pande! Mguu sawa! Haya, kopro amekuja kuwaongoza vyura kwenye maji yao!" Watu wakacheka.

Maduhu hakucheka. "Masele, shukeni. Nguzo nimezikagua mwenyewe."

"Umezikagua kwa macho au kwa matamanio? Mimi jana nimeingiza kidole ndani ya gogo kama ndani ya ugali."

"Bwana amesema magogo yatakuja."

"Yakija, nasi tutakuja. Watu wa mgodi hawakopeshi roho zao."

Wakacheka tena. Hapo Maduhu akaona barua yake inayeyuka kama mafuta juani, akashika silaha ambayo hakupaswa kuishika kamwe.

"Nyie watu wa Didia!" alinguruma. "Mwano ulipolia, nani alikimbia mbele yenu? Nani alipasuliwa mgongo kwa ajili ya ng'ombe wenu? Maziwa wanayokunywa watoto wenu leo ni damu yangu mimi. Je, nimewahi kudai? Leo nadai. Nami nitatangulia kushuka."

Kicheko kilikatika. Hakuna Msukuma ambaye angeweza kulikana deni hilo. Walitazamana, kisha mmoja mmoja wakainuka, wakapangusa matope, wakachukua sururu. Masele alipompita alisema taratibu, bila mzaha hata chembe: "Umeshika mpini, sisi tumeshika makali, Maduhu. Haya."

Maduhu alitangulia kweli. Aliteremka ngazi ya miti hadi chini, maji yakamfika magotini, akagonga nguzo moja kwa kiganja kuwaonyesha. Walipokwisha kujipanga kazini, alipanda juu kusimamia zamu. Jua lilikuwa halijafika utosini aliposikia sauti kama ya mtu anayevunja kuni. Mara moja. Mara ya pili. Kisha ardhi ikapumua, vumbi zito lenye unyevu likaruka kutoka mdomoni mwa shimo, na baada yake kelele.

Walichimba kwa mikono hadi alasiri. Mungu aliwahurumia zaidi ya walivyohurumiwa na bwana wao, kwa maana hakuna aliyekufa. Lakini Masele alitolewa na mguu wa kulia uliopondeka kama muwa uliotoka kinuni. Wakambeba kwa machela kumpeleka hospitali ya misheni, Kolandoto.

Jioni ile ile Maduhu alikwenda kwa Bwana Miwani. Hakujua tena anakwenda kulia au kudai. Bwana Miwani alikuwa na furaha, kwa kuwa kabla ya ukuta kuanguka, mapipa matatu ya mawe yenye dhahabu yalikuwa yamekwisha kupandishwa.

"Wewe mtu hodari sana," alisema. "Thelathini walikataa siku tano, wewe dakika moja tu." Akaandika, akatia barua katika bahasha, akaifunga kwa lakiri nyekundu. "Peleka. Usifungue."

Maduhu alitembea siku nne, bahasha imefungwa kwa kitambaa kifuani. Kila alipoukumbuka mguu wa Masele aliigusa bahasha, akajiambia: nikivaa tepe tena, nitamlisha mimi mpaka kufa kwake.

Penye boma la Shinyanga vijana wengi walijipanga foleni, vifua wazi. Kapteni aliketi kivulini mwa baraza, na kando yake karani mweusi, Pantaleo, akitafsiri. Zamu ya Maduhu ilipofika alitoa cheti. Kapteni alitazama mstari mwekundu, akanyanyua macho. Yeye na karani walizungumza Kiingereza kwa kitambo, kisha Pantaleo akasema:

"Kapteni anauliza, wewe ndiye uliyeacha zamu ukakimbilia ng'ombe?"

Maduhu alibana visigino. "Ndimi, bwana."

Kapteni akacheka, akasema neno. Pantaleo akatabasamu. "Anasema askari mwenye mbio kama hizo anamhitaji. Kosa la zamani ataliombea msamaha mwenyewe. Vua shati, upimwe."

Maduhu alihisi miaka minne ikimdondoka mabegani. Alipofungua shati, bahasha ikaonekana. Kwa furaha akaitoa, akaiweka mezani kwa mikono miwili. "Na hii ni barua ya bwana wangu, ya kunisifu!"

Kapteni akavunja lakiri, akasoma. Tabasamu lake likafifia. Akaikunja barua, akasukuma cheti pembeni, akaita: "Mwingine!"

"Bwana Pantaleo," Maduhu aliuliza, "imesema nini?"

Karani aliinama, akaongea upesi kwa sauti ya chini. "Imesema: 'Mtu huyu huwashusha wenzake shimoni bila gharama ya magogo. Sina mwingine kama yeye. Nakuomba kama rafiki usimwandikishe, umrudishe kwangu.' Na kapteni hawezi kumnyang'anya rafiki yake mtu. Ungekuja mikono mitupu, ndugu yangu, sasa hivi ungekuwa askari. Toka, wenzako wanasubiri."

Maduhu hakurudi Segese. Miguu yake ilimpeleka Kolandoto. Masele alikuwa amelala kitandani, shuka limeinuka upande mmoja tu. Upande wa pili lilikuwa bapa. Maduhu alipiga magoti, akasimulia yote, hakuficha hata neno.

Masele alimsikiliza hadi mwisho. Safari hii hakufanya mzaha.

"Mzungu alivuta kwake," alisema. "Nawe usijitoe, Maduhu. Siku ile juu ya kifusi ulishika upande wa pili, ukavuta kwako. Sisi thelathini ndio tuliokuwa ngozi." Akageuza uso ukutani.

 Maduhu alibaki pale chini, magoti juu ya sakafu ya hospitali, akiwa ameelewa kwa mguu wa mwenzake kile ambacho mkewe alimwambia bure: mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake.