Kwa Nini Shashi Habanduki Mgongoni kwa Nyati

Kulikuwa na wakati, wanangu, ambapo nyati hakupandwa na yeyote mgongoni. Wanyama wote wa bonde walikata mashauri yao pamoja, kila mmoja kwa mdomo wake, kuanzia tembo hadi panya. Ilikuwa haki tupu. Lakini walizaliana, ikawa hata jambo dogo linajadiliwa mpaka nyasi za mkutanoni zinaisha. Ndipo wakakubaliana wachague mmoja wa kuwasemea.

Mwaka huo mvua ilikataa, likabaki bwawa moja tu. Vikazuka vyama viwili. Chama cha Kilima kilimsimamisha kifaru, kikitaka wakubwa wanywe wakati wowote wanaotaka. Chama cha Bonde kilitaka wadogo watangulie alfajiri, kabla maji hayajavurugwa yakawa tope. Shashi, yule ndege mdogo mwenye mdomo mwekundu, alikuwa na makinda ndani ya tundu la mti, akaingia Chama cha Bonde kwa moyo wote. Ni yeye aliyependekeza nyati asimamishwe, kwa sababu nyati alikuwa na sauti. Aliruka kundi kwa kundi akimnadi hadi koo likamkauka. Naye nyati akaapa mbele ya umati kwamba hatatia kwato majini kabla kinda wa mwisho hajanywa.

Nyati akashinda. Kesho yake alikuwa amejilaza katikati ya bwawa tangu mapambazuko, ubavu kwa ubavu na kifaru yule yule aliyekuwa akimtukana jukwaani. Kupe, ambao hakuna aliyewaona wakati wa kampeni, walikuwa wamemjaa shingoni, wakimnyonya na kumsifu. Wadogo walibaki ukingoni wakilamba tope.

Shashi alikwenda kwa ngiri, mwenyekiti wa chama. Ngiri alimsihi kwa upole kwamba hayo yazungumzwe ndani, maana kumsema nyati hadharani ni kuwapa watu wa Kilima cha kuchekea. Shashi akanyamaza kwa ajili ya chama. Hapo ndipo alipokosea. Chama kilikuwa kimekusanya vilio vya wadogo kikavifanya sauti moja, kikamtafuta wa kuibeba, kisha kazi ya kumbana huyo aliyeibeba kikaiita utovu wa nidhamu. Upuuzi mtupu! Asubuhi moja shashi alirudi kwenye tundu akamkuta kinda wake mdogo amekufa, mdomo wazi.

Hakupitia kwa mwenyekiti. Alikwenda moja kwa moja bwawani.

“Ndugu Nyati, mwanangu amekufa kwa kiu.”

“Mheshimiwa,” nyati alimsahihisha, macho ameyafumba. “Wewe ulishachagua, mama. Kazi yako imekwisha. Nenda nyumbani, tutaonana uchaguzi ujao.”

“Nani kakwambia imekwisha?”

Akatua shingoni mwake. Alimng'oa kupe wa kwanza akammeza, akamng'oa na wa pili. Kisha alisogea hadi sikioni akaanza kumrudishia kiapo chake, neno kwa neno, na kila nyati alipotikisa kichwa alimdonoa mpaka damu ikachuruzika. Ngiri alipiga kelele kuwa atamfukuza chamani. Shashi alimwambia amfukuze tu, lakini mgongoni hashuki. Nyati hakustahimili. Alitoka majini mbio kwenda kujisugua kwenye miti, kifaru naye akamfuata, na walipotoka wadogo wakashuka wakanywa hadi wakatosheka. Makinda waliobaki wakapona.

Na tangu siku hiyo shashi habanduki mgongoni kwa nyati. Huwala wapambe wake mmoja mmoja, na akimwona anasinzia humfukua kidonda. Nyati naye hushinda akitikisa masikio mchana kutwa. Wageni wakimwona husema anafukuza nzi. Msiwasikilize. Anakataa kusikia, na mama yule bado hajamaliza kusema.