Kamera ya Mparachichini

Sogeeni karibu. Mwenye simu ailaze kifudifudi, maana hadithi hii ina simu zake na zinatosha. Nitawapa ndugu watatu muwaamue. Mkishindwa msinitazame mimi, kwa sababu nami nimeshindwa.

Mama yao, Mama Tusekile, aliishi Rungwe, kwenye ukungu na migomba. Kumbukumbu zilikuwa zikimtoka kidogo kidogo. Alikuwa anaweza kukukaribisha chai vizuri kabisa, halafu akakuuliza wewe ni mtoto wa nani. Mara nyingine alitoka nyumbani akapotea, na wanawe waliogopa sana kwamba iko siku hataonekana tena.

Gwakisa, mkubwa, alijaliwa kuona mambo kabla hayajafika. Alikuwa fundi seremala Mbeya mjini. Alinunua kamera ya betri, isiyo na waya hata mmoja, inayotuma picha kwenye simu zao wote watatu, akaifunga kwenye mparachichi ikitazama lango. Watu walimcheka kwa kutundika kamera mtini. Akawaambia, "Huku mvua ikianza umeme unakatika. Ya waya italala giza pamoja na nyumba. Hii itabaki macho." Na kweli, umeme ulipokatika siku kadhaa mfululizo, kamera ilibaki macho.

Subilaga, wa katikati, alijaliwa kutochoka. Aliishi na mama, mchana akifanya usafi zahanati. Kamera ile, jamani, ilikuwa na tumbo la mtoto mchanga. Jani la mgomba likitikisika, inaamka, inapiga picha, inakula betri. Subilaga ndiye aliyepanda ngazi na kanga yake, akashusha betri, akaipeleka zahanati kwenye sola, akairudisha. Gwakisa alinunua mara moja. Subilaga alipanda ngazi ile mpaka nyayo zikaizoea. Siku ninayoisimulia jua lilikuwa dogo, betri ikajaa nusu tu. Saa ya chakula akairudisha na nusu yake, akarejea kazini.

Lusajo, kitinda mimba, alijaliwa kutosahau. Alikuwa Mwanza, anaoka mikate. Kila jani lilipotikisika Rungwe, simu yake ililia Mwanza. Za wenzake nazo zililia, ila Gwakisa alizima mlio kwa kuchoshwa na majani, na Subilaga kazini hakuruhusiwa kushika simu. Lusajo alifuta unga mikononi, akatazama jani. Akafuta tena, akatazama kuku. Wenzake walimtania kwamba ameoa migomba.

Alasiri hiyo mvua ikaanza. Simu ikalia, Lusajo akafuta mikono. Hakuwa kuku. Mama alikuwa langoni, ana mwavuli mkononi na kitu cha kijani amekikumbatia kifuani. Kabla Lusajo hajaona anaelekea wapi, picha ikakatika. Ile nusu ya betri ilikuwa imekwisha.

Lakini kile kitu cha kijani alikitambua. Akampigia baba yao mdogo, Mzee Asegelile, aliyeishi ng'ambo ya mto.

"Baba, mama ametoka. Amebeba sweta langu la shule."

"Sasa nimtafute wapi na mvua hii?"

"Shule ya zamani, huko upande wako wa mto. Mvua ikinyesha alikuwa anakuja kunichukua. Wahi, baba, kabla mto haujajaa."

Shule ile ilikuwa imebaki kuta tu. Mzee Asegelile alimkuta amesimama kando ya ukuta wa darasa, amelowa mpaka mifupani, anatetemeka. Mwavuli alikuwa hajaufungua, alikuwa anamtunzia mtoto. Sweta, alilolisokomeza ndani ya mwavuli huo, lilikuwa kavu.

"Leo wamechelewa kuwaachia," akasema.

Walipovuka mto kurudi, maji yalikuwa magotini. Muda mfupi baadaye hakuna aliyeweza kuvuka.

Siku chache baadaye ndugu wote watatu wakakutana nyumbani, na kila mmoja akataka mama akae naye. Gwakisa akasema, "Bila kamera tusingejua kama ametoka." Subilaga akasema, "Bila betri kamera yako ni pambo la mti." Lusajo akasema, "Naacha mikate, narudi. Bila mimi picha ile ingepita kama jani." Wote walisema kweli, na wote walikuwa wanalia.

Mzee Asegelile akawanyamazisha. "Mwenye maamuzi ni yeye. Shemeji, unataka kukaa na nani?"

Mama Tusekile akawatazama mmoja mmoja. Majina yalikuwa yamemtoka. Akalinyoosha lile sweta la kijani mbele yao, dogo, lisilomtosha yeyote kati yao.

"Nani kati yenu anasikia baridi?" akauliza.

Wote watatu wakajibu kwa pamoja, "Mimi, mama."

Sweta ni moja, na mkono wake bado umenyooshwa. Je, wewe ungemwambia ampe nani?