Pipa Lililoogeshwa

Wavivu wameipenda methali ya "kawia ufike" kwa neno lake la kwanza. Husema "kawia", kisha wakajinyoosha kitandani. Wahenga hawakukomea hapo. Waliongeza "ufike", na katika kufika ndimo ilimo kazi yote. Anayekawia ili asiharibu hafanani na anayekawia kwa kuchoka kabla hajaanza. Watu wa Kengeja, kusini mwa Pemba, walilijua hilo mwaka wa 1959, na aliyewafundisha ni mwanamke mjamzito, mpika mafuta ya nazi.

Mwanamke huyo aliitwa Mwanapili. Mumewe, Hija, alikuwa na gari la ng'ombe na ng'ombe mmoja jina lake Jaribu, aliyempenda kama ndugu waliyenyonya naye ziwa moja. Mwaka huo, kaskazi ikielekea ukingoni, trekta lililetwa kulima bonde la mpunga. Lilipangiwa siku tatu tu, Jumatatu hadi Jumatano. Alhamisi lilitakiwa Shumba, kaskazini mwa kisiwa. Wanawake wenye vipande bondeni walipiga kura ya zamu, na Mwanapili akaangukia mwisho.

Kipande chake alikirithi kwa mama yake, nacho hakijapata kulala bila mpunga hata mwaka mmoja. Safari hii mimba ilikuwa ya miezi minane na jembe lilimshinda kuinua. Trekta lisipomfikia kabla ya masika, urithi wa mama ungeota magugu.

"Litafika," Hija alimwambia. "Mafuta yake nitayaleta mwenyewe."

Alfajiri ya Jumatatu Hija alikwenda Mtambile, ambako lori lilikuwa limeshusha pipa la dizeli. Karani alimwusia maneno matatu: alifunge lisigongwe, asivute sigara karibu nalo, na alikinge na jua. Hija alikuwa mtu wa kushika wasia. Alilisimamisha pipa garini, kizibo juu, akalishindilia makumbi ya nazi pande zote na kulifunga kwa kamba. Sigara zake alimwachia karani. Tatizo likawa jua. Turubai hakuwa nalo, na kufika saa nne pipa lilikuwa linaunguza kama chungu jikoni.

Hija akawaza: Jaribu akipata joto hufanywaje? Huogeshwa. Basi akachota maji kisimani akaliogesha pipa. Alipofika mto wa kwanza akaliogesha tena, na wa pili vivyo hivyo. Kila alipolimwagia, ukingo wa juu uliyazuia maji yakasimama juu ya pipa kama mchuzi katika sahani, naye akaona raha kwamba mgonjwa wake anapoa.

Njiani alikutana na Bi Moza, mwenye zamu ya kwanza bondeni na ulimi usiojua likizo.

"Hija! Leo umemwogesha mke mdogo?" aliuliza, akilinyoshea kidole pipa linalochuruzika maji.

"Mara tatu, Bi Moza! Kilichobaki ni kumfukiza udi."

Adhuhuri alifika bondeni. Nassor, dereva wa trekta, alikuwa amekaa na pampu mkononi, na wanawake wamekaa kivulini wakimsubiri Hija. Mwanapili alikuwa amemletea mumewe muhogo na papa. Hija, huku akitafuna, akahadithia kwa fahari jinsi alivyolitunza pipa. Wote walicheka isipokuwa mkewe.

"Na hayo maji uliyomwaga juu yake yalikwenda wapi?" aliuliza.

"Yalikauka." Hija akaacha kutafuna. "Ila pale mtoni... niligeuka kumnywesha Jaribu, niliporudi sikuyaona."

Mwanapili akashika kiuno. "Mume wangu, chupa ya mafuta nikiiziba ingali moto, ikipoa hukivuta kizibo ndani mpaka nikitoe kwa kisu. Chombo cha moto kikipoa hunyonya. Pipa lako limeyanywa kupitia kizibo."

Nassor akafungua kizibo cha chuma, akavuta mafuta kidogo, akayatia chupani na kuyainua juani. Yalikuwa na ukungu kama maji ya kuoshea mchele.

"Labda ni kutikisika kwa njia tu," alisema, lakini sauti yake haikumwamini mwenyewe.

"Yaache mpaka kesho mchana," Mwanapili alisema. "Mafuta na maji hayahitaji kadhi. Ukiyaacha yakae, yatatalikiana yenyewe. Maji yatakwenda chini, nawe utachota ya juu."

Bi Moza akaruka kama aliyekalia siafu. "Kesho! Mawingu yale huyaoni? Siku tatu za zamu zetu zinakuwa mbili, kisha tuambiwe tungoje mafuta yapeane talaka? Na wa mwisho ni weye! Ukitukawiza sisi, unajichimbia shimo mwenyewe."

"Najua, Bi Moza," Mwanapili alijibu taratibu. "Hesabu hiyo nilishaipiga kabla yako."

Hakuna aliyecheka. Hija alimtazama mkewe, akatazama kile kipande cha mwisho, mbali kule chini ya migomba. Lau angegeuza maneno, aseme maji yalikauka yote, wangeanza kulima saa ile ile. Badala yake alimpokonya Nassor ufunguo wa kizibo, akautia mfukoni.

"Kosa ni langu, si lake," alisema. "Na anayelitaka pipa hili leo anipitie mimi kwanza."

Wakalishusha wanaume wanne, wakalisimamisha juu ya magogo, upande mmoja wameuinua kidogo ili maji yakusanyike upande wa pili. Wakalijengea kibanda cha makuti. Hija alikaa kando yake mchana kutwa. Bi Moza alipopita alimrushia, "Mke mdogo amelala?" naye akaongeza kuti jingine juu ya kibanda.

Jumanne mchana Nassor aliufunga mpira wa pampu kwenye fimbo ili mdomo wake usifike chini, ubaki juu kiasi cha shubiri. Mafuta yakapita katika kitambaa cha melikani kilichokunjwa mara nne, yakatoka maangavu kama chai ya rangi. Trekta likaunguruma na kuingia bondeni. Halikukohoa hata mara moja siku ile, wala Jumatano.

Jumatano asubuhi, tangi la trekta limejaa na pipa likikaribia kwisha, Nassor alilinamisha na kumimina yaliyobaki katika bakuli. Yakatoka maji, chupa mbili kamili, mekundu kwa kutu. Akaliweka bakuli mbele ya wanawake.

"Bonde nililolima mwaka jana walinihimiza nikatia mafuta ya namna hii," alisema. "Trekta lilikufa kabla ya adhuhuri. Tulimngoja fundi siku kumi na tatu, mvua ikamtangulia. Watu wale hawakupanda."

Bi Moza alichovya kidole katika bakuli, akaiangalia ile kutu, kisha akakifuta kwenye kanga yake na kurudi kipandeni mwake.

Alasiri ya Jumatano trekta liliingia kipande cha Mwanapili. Lilikwisha kulima nusu pale matone mazito yalipoanza kuanguka. Nassor akashuka, uso ameuinamisha. "Bi Mwanapili, niwie radhi. Tope likishika, trekta halitatoka tena hapa mpaka masika yaishe."

"Nenda, mwanangu. Umefanya lako."

Hija alinyakua jembe akaanza nusu iliyobaki peke yake, mvua ikimchapa mgongoni. Alipoinua kichwa aliona majembe mengine yanashuka bondeni, na mbele yao Bi Moza, kanga kiunoni.

"Sogea, Hija! Tukikuachia weye, utaliogesha hili bonde badala ya kulilima. Mwanapili, kaa hapo kibandani kwa mke mwenzio utuhesabie!"

Adhana ya magharibi ilipoita, kipande chote kilikuwa kimepinduliwa.

Miezi mitano baadaye Mwanapili alikuwa akivuna, kichanga amemfunga mgongoni, Hija nyuma yake akibeba vikapu. Bi Moza, aliyekwisha kuvuna wiki nzima nyuma, alisimama ukingoni.

"Umekawia, mwenzangu."

Mwanapili alikata suke, akalipangusa kwenye kanga, akalitia kapuni. "Nimekawia," alisema, "lakini nimefika."

Na Kengeja nzima, kuanzia mwaka ule, hakuna aliyebisha: kawia ufike.