Gauni Nyuma ya Shuka

Fungeni Biblia kidogo, wapendwa, muweke kidole pale tulipofika. Nataka niwapeleke kwenye mtaa mmoja wa biashara, kwa bwana mmoja mwenye kibanda cha video. Kile cha mabati na mabenchi, mnakijua. Wengine hapa mmekulia humo mkidhani wazazi hawana habari. Bwana huyu, wakimwita Baba Tumsifu, alionyesha mpira na sinema za ngumi, na mkewe alikaanga mihogo mlangoni. Watu walikuja, wakashangilia, wakala mihogo, wakaenda zao. Alikuwa ametulia na maisha yake.

Siku moja jirani wa ng'ambo ya barabara akafungua chumba. Akatundika pazia jekundu na kibao: "Wakubwa tu. Mambo ya kutisha. Hujawahi kuona." Basi! Alasiri ya kwanza foleni ilifika kwa fundi viatu. Wanaume waliingia wakiangalia chini, wakatoka wameziba midomo, wakiulizwa wanasema, "Weee! Nenda ukajionee mwenyewe."

Wivu ukamkaba Baba Tumsifu. Mpira unachezwa ndani ya kibanda chake, yeye amesimama mlangoni anatazama foleni ya mwenzake. Akaanza kusema kwa sauti kwamba ule ni uchafu, mtaa unaharibika, serikali iko wapi. Maneno mazuri kabisa. Lakini niwaulize, wapendwa: kilichomuuma ni uchafu, au ni foleni?

Siku ya nne akashindwa. Akavaa kofia, akaivuta mpaka kwenye nyusi, akaingia. Ndani kulikuwa na benchi mbili na televisheni kuukuu. Jirani akaiwasha. Chenga tupu kwenye kioo! Chenga na redio nyuma yake inayogunaguna. Dakika tano, jirani akazima. "Samahani wazee, mtambo umegoma. Kesho."

Hakuna aliyedai hela yake. Angedai wapi? Mwanaume mzima asimame barabarani aseme, "Nilikwenda kutazama uchafu nikatapeliwa"? Wakatazamana, wakajifuta nyuso, wakatoka wakicheka. Na Baba Tumsifu alipoulizwa nje, "Vipi humo?" akajikuta anasema, "Acha tu, ndugu yangu. Usiombe kusimuliwa."

Jirani akamfuata hadi kwenye kona. "Nimekuona, jirani. Na kofia yako."

"Wewe ni tapeli."

"Haya, nenda kawaambie. Anza na kuwaambia ulikuwa umekaa benchi gani."

Angeweza kusema, na mambo yangeishia hapo. Lakini wivu haukumtuma afunge kile chumba. Ulimtuma awe nacho. Alirudi kwake akatundika shuka jeupe, nyuma yake akaweka taa, gauni kwenye msumari, na feni ya kulipepea. Ukikaa mbele unaona kivuli cha mtu anacheza. Ukianza kukaza macho, umeme "unakatika". Na kwenye kibao, ili amzidi mwenzake, akaandika: "Wakubwa tu. Mwanamke wa mtaa huu huu. Mnamjua."

Foleni ikavuka barabara! Alimwona jirani amekaa peke yake chini ya pazia lake, na moyo wake ukapoa kama mtu aliyenyweshwa maji.

Mkewe akamuuliza, "Baba Tumsifu, ni nani huyo mnayemwonyesha humo?"

"Hakuna mtu. Gauni na feni. Wanajidanganya wenyewe, mimi nifanyeje?"

"Na wakitoka wakiulizwa ni nani, wanajibu nini?"

Hilo hakuwa amelifikiria. Wanaume walipoulizwa nje hawakuweza kusema "gauni". Wakataja majina. Mmoja alimtaja nesi aliyewahi kumkataa. Mwingine akamtaja muuza ndizi aliyeachika. Nesi akaomba uhamisho. Muuza ndizi akapigwa na kaka yake. Na Baba Tumsifu alisikia yote, akasema moyoni, hayo ni ya kwao, mradi foleni ipo.

Mwisho watu wakapiga hesabu yao. Nani atakubali kucheza mle kwa Baba Tumsifu, isipokuwa mke wake?

Siku ya harusi moja ya mtaani, Mama Tumsifu alikwenda kupika na wenzake kama kawaida. Akashika mwiko. Mama mmoja akamwondolea mkononi, taratibu. Wanawake wa kanisa, hao. Akarudi nyumbani na aproni yake, na kesho yake kaka zake wawili wakaja kumchukua.

Baba Tumsifu akatoka barabarani. Akang'oa shuka mbele ya watu wote. "Tazameni! Gauni! Feni! Hakuna mtu, hajawahi kuwepo mtu!"

Wanaume walikuwepo zaidi ya ishirini, na kila mmoja alikuwa ameketi mle ndani. Wakatazama chini. Kisha mmoja akasema, "Sisi tumemwona, mzee. Usitufanye watoto." Mwingine akaongeza, "Hata ana kovu begani." Wa tatu akaapa.

Hapa nisikilizeni. Mtu huyu alilitundika gauni kwa mkono wake. Alinunua feni yeye. Lakini aliposikia kovu, wivu ule ule ukamrudia kifuani. Akamgeukia mkewe, akamuuliza kwa sauti ndogo, "Mama Tumsifu, siku zile nikienda gulio, hukuwahi kuingia mle?"

Mkewe akainua begi lake. "Kaka, twendeni."

Wapendwa, mmecheka pale kwenye chenga. Nimewasikia. Lakini wiki hii kuna video imezunguka kwenye simu zetu, na msinitazame hivyo, imefika hata kwa wazee wa kanisa. Ni ya kweli? Hatujui. Ni ya kutengeneza? Hatujui. Tulichouliza sisi ni "nani huyo?" Na kuna aliyejibu. Na binti aliyetajwa amekuwa akiimba katika kwaya hii miaka sita, na leo kiti chake mnakiona kitupu.

Siulizi nani ameitazama, hilo mtaongea na Mungu. Nauliza ni nani kati yetu alitaja jina, na nani alilipeleka mbele. Sadaka itangoja. Nyumba ya kina binti huyo iko nyuma ya mashine ya kusaga. Mimi nimeshasikia jina lile na nikanyamaza, kwa hiyo natangulia kumwomba radhi. Anayekuja, tuondoke.