Mkono wa Kinyozi Chambuso

Ukimaliza kusoma kisa hiki, mpelekee yeyote anayeogopa kugusa alichoacha mkubwa wake.

Katika hospitali moja ya wagonjwa wa akili palikuwa na wodi iliyosifika kwa utulivu. Wageni wakija, huletwa pale kwanza. Dokta Tunu alipohamishiwa wodi hiyo, aligundua kwamba wagonjwa wake hawakuwa wametulia. Walikuwa wamelemewa na dawa.

Mmoja wao alikuwa Chambuso, kinyozi hodari aliyeugua skizofrenia. Profesa Lweno, mwalimu wake Tunu, ndiye aliyemwanzishia vidonge vya kutuliza sauti alizozisikia kichwani. Profesa akastaafu. Daktari aliyemfuata akaongeza vidonge vingine, na wa baada yake akaongeza sindano. Kuondoa? Thubutu! Pale mila ilikuwa moja: dawa ya mkubwa haiguswi.

Chambuso akawa anatokwa na udenda, mikono inatetemeka hata uji unamwagikia kifuani.

"Binti yangu," alimwambia Tunu, "sauti zimepungua, lakini na mimi nimepungua. Nirudishie mikono yangu."

Maneno hayo yalimchoma Tunu. Akampima upya, akaona sindano peke yake inamtosha. Akaanza kupunguza vidonge, kidogo kidogo, huku akimfuatilia kwa karibu.

Madaktari wenzake wakamkejeli. "Haya, mwanafunzi kamzidi mwalimu! Sauti zikirudi usitutafute."

Tunu aliogopa, kusema kweli, lakini hakurudi nyuma. Vidonge vikaisha vyote, na sauti hazikuongezeka. Udenda ukakauka. Chambuso akaanza kuwanyoa wenzake, muuguzi akiwa pembeni, na kila anayeinuka kitini anajipapasa shavu kama bwana harusi.

Siku moja Profesa Lweno akaja kuitembelea wodi yake ya zamani. Akamtazama Chambuso akinyoa, akasoma faili lake, kisha akauliza, "Nani kaondoa dawa yangu?"

Wote wakainamisha vichwa.

"Ni mimi, Profesa," Tunu akajibu.

Profesa alivua miwani, akaketi kwenye kiti cha kinyozi, akainua kidevu.

"Chambuso, hebu nitoe ndevu."

Watu wakabana pumzi. Wembe ukashuka shavuni, ukapita kooni mwa Profesa, taratibu, mkono haukutikisika hata kidogo. Machozi yakamtoka Tunu, na hakuyaonea haya.

"Dawa ile niliiweka ya muda tu," Profesa akasema. "Nilitegemea atakayenifuata ampime upya. Nyie mkaigeuza urithi! Miaka yote nangoja mmoja wenu aiguse. Tunu, leo najivuna kwamba nilikufundisha."

"Tulia, Profesa," Chambuso akamkatiza, kwa sauti ya fundi aliye kazini kwake. "Masharubu bado."

Funzo: Mwalimu haheshimiwi kwa kulinda kila alichoacha, bali kwa kutimiza alichokusudia, na aliyenyamazishwa si lazima awe amepona.