Kwa Nini Wajapani Hupitisha Jua Kwenye Karatasi

Hapo kale, jua lilikuwa halijafunzwa adabu za nyumbani. Madirisha ya Japani yalikuwa fito za mbao zilizopishana, na kwa ndani ubao wa kufungia. Ukiufungua, mwanga uliingia wote bila hodi. Ukiufunga, mlibaki gizani kama viazi ghalani.

Katika kijiji kimoja cha milimani, Tane na baba yake, mzee Genzo, walitengeneza karatasi kwa maganda ya mforosadi. Ilikuwa kazi ya majira ya baridi, na maji yake yalikata vidole. Mwaka mmoja Genzo alikwenda kukata matawi, jua likawaka juu ya theluji, na mng'ao ule ukamuunguza macho. Alirudi akiongozwa kwa mkono. Tangu hapo hakuvumilia hata mwanya wa mwanga. Alilala chumbani, ubao umefungwa, nguvu zikimwishia.

Ndipo Tane akajifungua mtoto wa kiume. Mzee alimpapasa mjukuu wake gizani, pua, masikio, kidevu.

"Mwanangu, fungua ubao," alisema. "Nimwone mara moja tu, hata kama macho yatakufa."

"Baba, kwa maumivu hayo utaona nini?"

Tane alitoka nje akalia. Ni uchungu mkubwa kumnyima mzazi kitu kidogo wakati yu njiani kuondoka duniani.

Lakini kazi haikungoja. Mbao za kuanikia karatasi zilikuwa zimejaa, naye alikuwa na karatasi mbichi mkononi. Akaibandika kwenye fito za dirisha la baba yake, kwa nje. Mara mtoto akalia, akamkimbilia, akaisahau. Mafundi wenzake wangemcheka, maana karatasi ikikaukia kwenye fito haibanduki nzima. Alipokumbuka, ilikuwa imekauka na kukaza kama ngozi ya ngoma.

Ili aibandue kwa kuisukuma kutoka ndani, ilibidi afungue ubao. Alimfunika baba yake uso kwa kitambaa, akafungua.

Mwanga ulioingia hakuujua. Ulikuwa mtulivu, mweupe kama maji ya mchele, hauna makali. Tane akakiondoa kitambaa polepole.

Genzo akafumbua jicho moja, kisha la pili.

"Mlete," alisema.

Akamtazama mtoto hadi mtoto akasinzia. "Amechukua uso wa mama yako," alisema, na machozi yaliyomtoka hayakuwa ya maumivu.

Mzee alifariki kabla mwaka haujaisha. Karatasi ile ilikuwa imegeuka manjano na kuchanika. Tane aliibandua, akabandika mpya, ingawa chumbani hapakuwa tena na mtu.

Na tangu siku hiyo, watu wa nchi ile hulipitisha jua kwenye karatasi kabla ya kulikaribisha ndani, na kila mwaka unapokwisha huibandua iliyochakaa na kubandika mpya. Msidhani ni urembo tu. Wanajua kwamba katika kila nyumba, siku moja, atakuwamo mtu asiyeweza tena kutoka kuufuata mwanga, na bado anatamani kuziona nyuso za watu wake.