Kulungu na Nondo wa Namkunda

Hadithi hii ilianzia kwa bibi yetu, Nakijwa, katika wiki ya matanga ya babu, mwaka 1961, tukipukuchua mahindi jikoni kwake Usangi. Naiandika kama alivyoisema.

Hapo zamani, mjane Namkunda alikuwa na mtoto mmoja tu, Senkondo. Senkondo alishuka tambarare kutafuta chumvi. Alipokuwa akirudi, ukungu uliifunika milima, hata fimbo yake mwenyewe hakuiona. Akatembea akipapasa. Mara kulungu akabweka, karibu kabisa, chini ya miguu yake. Senkondo akasimama. Alijua kulungu yule hulala korongoni. Basi korongo lilikuwa hapo. Akarudi nyuma. Lakini aende wapi?

Nyumbani, Namkunda alikwisha kukata tamaa. Alikuwa akifukia moto ahamie kwa kaka yake. Mara nondo akaingia, akatua ukutani. Watu wa kule husema nondo akiingia, mgeni yuko njiani. Namkunda akaufukua moto, akaongeza kuni. Moshi ukateremka bondeni. Senkondo akaunusa, akaufuata mpaka mlangoni.

"Umechelewa, mwanangu," mama akasema. "Na chumvi umeilowesha." Akamshika uso, asimwachie.

Mwaka uliofuata Senkondo alitaka kuoa, na shamba hakuwa nalo. Ardhi iliyobaki ilikuwa kichaka cha korongoni, anamozalia kulungu, na mizambarau ya nyuma ya nyumba, ambayo majani yake huliwa na viwavi wa nondo. Kimoja kifyekwe, kingine kiachwe. Wote wawili wakaja kujitetea.

Kulungu akasema siku ile ya ukungu chui alikuwa karibu, na kwamba angenyamaza angekuwa salama. "Bila mimi, moshi ungenuswa na nani? Maiti hainusi."

Nondo akacheka. "Na masikio yote hayo, bwana, ulimsikia Senkondo au ulimsikia chui? Ulibweka kwa woga. Mimi bawa langu liliungua kwenye moto ule."

"Ulifuata joto. Hukumfuata mgeni."

"Ni kweli," nondo akasema. "Lakini mama alinielewa."

Senkondo alitaka kulungu aachwe. Mama yake alitaka nondo. Na panga lilikwisha kunolewa.

Hapo bibi aliacha kupukuchua, akatutazama. Jibu hakulitoa, naye alifariki mwaka 1978. Kati yetu tuliomsikiliza, tulio hai ni mimi na dada yangu Nakiete, anayemtetea nondo mpaka leo. Nawe je, nani alistahili kuachiwa makao yake?